Msitu wa Wajane

Injinia Kaijage alipanda ngazi za ofisi yangu akiwa na kasha la kereng'ende kwapani, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea nikajua ameniletea kazi. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja kustaafu. Vitu vyangu vya pale ofisini vilikuwa vitatu: kikombe, kanga ya kujifunika miguu ukungu ukiingia dirishani, na lenzi ya mkononi niliyopewa nilipoanza kazi nikiwa na miaka ishirini na minne. Vyote vingeenea kwenye kikapu kimoja, na kikapu kilikuwa tayari nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni kusaini, weka hapo. Kama ni kufikiri, rudi baada ya siku kumi na moja."

Akacheka kwa adabu, akaliweka kasha mezani na kulifungua. Kereng'ende walikuwa wamelala humo kwa safu, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, mabawa manne membamba na sindano puani. Wenye mashine wana jina lao refu kwa vidude hivi, lakini hapa milimani kila mtu huviita kereng'ende. Kazi yao ni moja. Hutua kwenye shina la mti walioambiwa, hutoboa gome, huacha tone la dawa, huondoka. Baada ya siku nne mti umekauka ukiwa umesimama.

"Jana tuliwajaribu kwenye mteremko wa Kwemkole," alisema. "Miti arobaini na mmoja, yote ya koni kwa mujibu wa daftari. Wakirudi, huwa tunasoma kilichobaki kwenye sindano. Misindano, ile misonobari ya kule bondeni, ilisoma utomvu tele, ule wa kunata wenye harufu. Hii arobaini na mmoja haikusoma hata chembe. Sasa mimi ni mtu wa mashine, mama, lakini mti wa koni usio na utomvu sijapata kuusikia."

"Ina majani gani?"

"Kama sindano. Marefu, yananing'inia. Na vikoni vidogo, hivi." Akanionyesha ncha ya kidole gumba.

Nikafumba macho. Nilijua ni mti gani, na nilijua sahihi iliyo chini ya daftari lile ni ya nani. Nikavuta buti zangu kutoka chini ya meza, nikaanza kuzifunga kamba taratibu, maana mgongo wangu siku hizi una mawazo yake.

"Daftari liliandikwa na nani?" akauliza.

"Na mimi," nikamjibu. "Twende."

*

Kwa asiyejua, nieleze hapa hapa, kwa sababu njiani Kaijage aliniuliza na nikamweleza, ingawa pumzi ilikuwa haba.

Mimea yenye mbegu ina namna mbili za kuzaa. Mmea wa maua huifungia mbegu yake changa chumbani. Chavua ikifika hutua mlangoni na kujichimbia njia mpaka ndani, na kile chumba baadaye ndicho kinachokuwa tunda. Embe ni chumba. Ganda la haragwe ni chumba. Mti wa koni hauna chumba. Mbegu yake changa imekaa wazi juu ya gamba, kama chakula kilichoachwa bila kawa, na msimu ukifika hutokeza tone dogo la maji mdomoni. Chavua inayopita na upepo hunasa kwenye tone, tone hunywewa ndani, mimba imetunga. Utaratibu huo umefanya kazi tangu kabla ulimwengu haujaona ua hata moja. Halafu ikaja kuvu ambayo nayo husafiri na upepo, nayo hunasa kwenye tone.

Tuliiita Mkausho. Mti wa maua haiwezi kuuingia kwa sababu mlango umefungwa. Mti wa koni unaingiwa kupitia mbegu, unakauka kuanzia kileleni, na kabla haujafa unamwaga vumbi la kuvu kwa upepo wa milima mingine. Ndipo likaja agizo la Idara: kila mti wa mbegu wazi katika safu hii ya Usambara uchomwe sindano ya kereng'ende kabla matone ya mwaka huu hayajatoka. Ni kama kufyeka nyasi mbele ya moto. Mkausho ukikosa pa kukanyaga hapa kwetu, mierezi ya milima ya kaskazini itapona. Nilikuwa nimeshaidhinisha kuuawa kwa misindano milioni mbili na laki saba. Mwanzoni nilikuwa naota ndoto mbaya, baadaye hata ndoto zikachoka.

"Na matone yanatoka lini?" Kaijage aliuliza, akiwa amesimama kunisubiri.

"Siku tisa, kumi. Mvua ndiyo inayojua."

Tulipofika mteremkoni niliona kwa macho tu. Ile arobaini na mmoja ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya chai. Juu yake na pembeni yake ilisimama mingine zaidi ya mia tano na sitini, kijani kibichi, ikivuma kama inavyovuma siku zote. Nikachuma kijiti kimoja cha kijani, kile ambacho kila mtu huita jani, nikakivuta. Kikakatika kwenye pingili. Nikampa Kaijage lenzi.

"Angalia pale kilipokatika. Unaona vijimeno vidogo vimezunguka?"

"Naona."

"Hivyo vijimeno ndiyo majani. Hiki unachokiita sindano ni tawi. Na huku ubavuni, hivi vinyweleo vyekundu?"

"Ndiyo."

"Ua. La kike. Na kile unachokiita koni, kila kijidirisha chake kina tunda dogo kavu, na mbegu imo ndani ya tunda, imefungiwa. Huu ni mvinje, mwanangu. Una undugu wa karibu zaidi na mharagwe kuliko na msindano. Mkausho ungepita hapa miaka mia usipate pa kuingilia."

Akaishusha lenzi. Alikuwa kijana mzuri, Kaijage, mwenye haya ya kweli usoni. "Kwa hiyo tumeua arobaini na mmoja bure."

"Bure kabisa."

*

Nyumba ya kwanza chini ya mivinje ile ni ya wifi yangu Zaituni, mke wa marehemu kaka yangu Hozza. Alikuwa amesimama uani na ungo mkononi, akitutazama tukishuka. Kaijage akabaki nyuma kuhesabu miti upya na kishikwambi chake.

"Leo umevaa buti za serikali," wifi alisema. "Ukiwa na ndala huwa unakuja kula. Ukiwa na buti huwa kuna msiba."

"Nipe maji kwanza, halafu nitukane."

Akanipa maji, na kigoda. Akangoja nimalize kikombe. "Mbona mivinje inanyauka, wifi? Mwaka ule walipoikata ya upande wa shule, mvua moja tu, tope likashuka likazika nyumba ya kina Shemhina na watu wanne ndani. Hii ikienda ni zamu yangu."

"Haitakwenda. Imechomwa kwa makosa. Nitarekebisha daftari."

"Makosa ya nani?"

Ningeweza kusema ya mashine. Watu wengi wangeridhika. "Yangu na ya Hozza," nikasema.

Miaka ishirini nyuma Idara ilitaka kila mti mkubwa wa milima hii uwe na namba, na mbele ya namba alama moja: ua au koni. Wakati ule alama ile ilikuwa ya takwimu tu, hakuna aliyejua kwamba siku moja itakuwa hukumu. Nilikuwa na vijiji ishirini na saba, malaria mara mbili, na wiki tatu. Kwemkole nikamwachia kaka yangu, aliyekuwa mlinzi wa msitu na aliyeijua miti yake kuliko mimi niliyeisomea. Lakini watu wa Kwemkole hawajawahi kugawa miti kwa maua na koni. Wao huuliza nani anakuja kuchukua mbegu. Kuna mti wa ndege na kuna mti wa upepo, na mtoto wa miaka mitano anajua upi ni upi. Hozza akapita akiuliza swali la kwao: ndege wanakula? Wakila, akaandika ua. Wasipokula, akaandika koni. Mvinje una mbegu yenye bawa, ndege hawana habari nao, basi akauandika koni. Akaniletea daftari limepangwa vizuri, kwa mwandiko wake ule wa kulala, nami nikasaini kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa nampenda.

Nilipofika hapo katika kumsimulia wifi, nikakiweka kikombe chini. Swali lilikuwa limenigeukia. Kama mti wasioula ndege uliandikwa koni kimakosa, je, mti wanaoula?

Wifi hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini uso wangu alikuwa ameusoma miaka thelathini na tano. "Podo," akasema.

Msitu wa podo uko juu ya mivinje, mahali inapoanzia chemchemi. Miti mia tatu na kumi na miwili, mingine mizee kuliko ukoo wetu. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, hushindana humo msimu ukifika mpaka hamsikilizani. Hozza aliomba azikwe ukingoni mwake, na ndiko alikozikwa.

"Podo ni wa koni?" wifi akauliza.

"Wa koni. Kile chekundu wanachokula ndege si tunda, wifi. Ni kikonyo kilichonenepa. Mbegu yenyewe imekaa juu yake, nje, kama mtu aliyekaa juu ya mto. Hakuna chumba."

"Na huyo kijana anajua?"

"Hajui."

"Daftari linasema ua."

"Linasema ua."

Akaupepeta ungo mara mbili, tatu, ingawa haukuwa na kitu. "Basi rekebisha mivinje," akasema. "Podo hakuna aliyekuuliza."

*

Alasiri ile Kaijage alikaa kwenye kiti cha wageni na kunifungulia daftari. Kwa kila mlima linafunguliwa mara moja tu kabla ya kereng'ende kuachiwa, baada ya hapo hata yeye haliwezi. Msajili, yaani mimi, husoma kiapo kwa sauti, mashine hulinganisha sauti yake na ya kumbukumbu, na likifungwa limefungwa. Kiapo ni kifupi: kila mti ulioandikwa humu umeandikwa kama ulivyo.

"Mivinje mia sita na kumi na miwili," alisema, akigusa kioo cha kishikwambi. "Nimeshaihamishia kwenye maua. Ile arobaini na mmoja nimeiandikia maelezo. Kuna kingine, mama?"

Nikatazama kikapu changu nyuma ya mlango.

Nitasema jinsi nilivyojisikia, maana sina sababu ya kujipamba. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilichotaka ni kusema hakuna, nisome kiapo, niende nyumbani nikanyooshe mgongo. Podo wangebaki. Chemchemi ingebaki, na wifi yangu angeendelea kunitania kuhusu buti. Labda Mkausho usingefika kwetu, labda upepo wa mwaka huu ungekuwa na huruma. Watu wengi wamejenga maisha juu ya labda na nyumba zao hazijaanguka.

Lakini kuna mtu huko kaskazini, simjui hata jina, ambaye naye ana mierezi yake na kaburi lake chini yake. Kama nikinyamaza, siku moja atatazama juu aone vilele vimekauka, na hatajua kamwe kwamba kosa lilitoka Kwemkole kwa mwanamke aliyetaka kunyoosha mgongo. Arobaini na mmoja niliwaua kwa kutokuangalia. Hili nilikuwa nimeliangalia.

"Kuna podo," nikasema.

Nilipomaliza kumweleza, Kaijage alikuna kidevu. "Mia tatu na kumi na miwili."

"Ndiyo."

"Tunaachia kereng'ende kesho kutwa asubuhi." Akatazama mikono yake. "Mbegu je? Tuzikusanye tuzihifadhi kwenye baridi, miaka ikipita turudishe msitu."

"Podo si mahindi. Mbegu yake haikai. Miezi mitatu ikikauka, imekufa, umeihifadhi maiti. Na msimu uliopita ulikuwa miezi minane nyuma."

Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, nikaivuta ile kanga miguuni. Na nikiwa nainama hivyo, kwa uchovu ule ule, likanijia jambo ambalo nililijua tangu chuoni na sikuwa nimelihitaji hata siku moja.

"Podo ana dume na jike," nikasema. "Si kama msindano, ambao mti mmoja hubeba vyote. Podo dume hutoa chavua tu. Hana mbegu. Kama hana mbegu, hana tone. Kama hana tone, Mkausho hauna pa kuingilia."

Kaijage akanitazama. "Una uhakika?"

"Hata mivinje nilikuwa na uhakika. Lakini hili, ndiyo. Chukua maandishi kuhusu kuvu yenyewe, usome namna inavyoingia."

Akasoma. Alisoma polepole na mara mbili, nikampenda kwa hilo. Mwishoni akasema, "Sawa. Madume watabaki. Daftari nitaliacha wazi, lakini kila mti lazima uwe na alama, jike au dume, mpaka kesho jioni. Mti wenye shaka utachomwa. Siwezi kuacha hata jike mmoja, mama. Jike mmoja anatosha kuuvusha Mkausho."

"Najua."

"Utawatofautishaje? Msimu haujafika. Hawana koni, hawana kitu. Nimezitazama picha za juu, yote ni kijani moja."

Hilo nalo nililijua. Chini ya msitu ule kuna magugu na miteremko, mbegu za zamani hubingirika na kuchanganyika, huwezi kusema hii ilidondoka kwa nani. Daftari halikuandika jinsia. Lenzi yangu haikuwa na cha kuangalia. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua ni podo gani ndege huja kula na ni podo gani hawaji, kwa sababu alikuwa amechota maji chini yake miaka thelathini na tano akiangalia juu.

*

Nilimkuta wifi Zaituni asubuhi akiwasha moto. Nilikuwa na buti, na kopo la rangi nyeupe, na brashi. Aliviona vyote vitatu akaendelea kupuliza kuni.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia mivinje imepona, na nilimwambia kwamba podo nimewasema, na nilimwambia kwamba nusu yao labda wangebaki endapo yeye angenionyesha nusu nyingine.

Moto ukashika. Akainjika sufuria, akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga yake.

"Kwa hiyo unataka niwataje," akasema. "Mmoja mmoja. Kwa kidole changu hiki."

"Ndiyo, wifi."

"Na nisipotaja?"

"Wanakwenda wote."

"Hozza alisema wewe una moyo wa karatasi."

"Alinijua vizuri."

"Alisema kwa kukusifia," akasema kwa hasira, akaingia ndani kuchukua viatu.

Tulianza kwenye chemchemi. Alikwenda mbele, mimi nyuma na kopo. Swali lilikuwa lile lile la kaka yangu, lile lililotupotosha miaka ishirini iliyopita, na leo halikuwa na kosa hata kidogo: ndege wanakula? Mti wanaoula ni jike. Mti wasioula ni dume. Wifi alikuwa anasimama, anaegemeza kiganja kwenye gome, anatazama juu, anakumbuka.

"Huyu wanakula. Ndiye wa kwanza kila mwaka." Nikapaka mstari mweupe.

"Huyu hawamtazami." Nikapita.

"Huyu wanakula, lakini kwa kuchelewa. Huyu hapana. Huyu hapana. Huyu, mwaka ule nilipokuwa na mimba ya Kilua, hondohondo jike alijifungia kwenye lile tundu la juu, na dume wake akawa anamletea chakula kutoka hapa hapa." Akaondoa kiganja. "Paka."

Hivyo kutwa nzima. Miguu yangu ilikufa kwenye mti wa sitini, baada ya hapo nilikuwa natembelea mazoea. Saa sita tulikula viazi vitamu vya baridi tumekaa juu ya mzizi. Alipomaliza akauliza, "Sasa watabaki wanaume watupu?"

"Wanaume watupu."

"Hawatazaa."

"Hawatazaa. Watamwaga chavua kila mwaka na haitamkuta mtu."

"Podo anaishi miaka mingapi?"

"Mia nne. Mia tano akiachwa."

Akatafuna hilo pamoja na kiazi. "Mimi nina miaka saba ya ujane na naona mingi," akasema. "Hawa watatia fora."

Jua lilipokuwa limeshuka kwenye mabega ya mlima tulikuwa na majike mia moja arobaini na saba na madume mia moja sitini na wanne. Nilihesabu mara mbili. Ukabaki mmoja.

Ulikuwa umesimama peke yake ukingoni, mbali kidogo na wenzake, na chini yake lilikuwa kaburi la Hozza lenye mawe yaliyopangwa na kupakwa chokaa. Wifi hakuweka kiganja kwenye gome la mti huu. Hakutazama juu.

"Dume," akasema.

Nikasimama na brashi. Rangi ilikuwa inadondoka kwenye buti. Mti ule niliujua. Nikiwa mtoto, kabla hapajawa na kaburi, mimi na Hozza tulilala chali hapa kuwatazama hondohondo wakigombana juu, na makombo mekundu yakitudondokea usoni. Nilikuwa nimeusema uongo wa mivinje bila kujua na ukweli wa podo nikijua, na kati ya miti mia tatu na kumi na miwili nilikuwa nimebakiwa na mmoja tu wa kuufumbia macho. Kaijage asingejua. Hata mimi ningeweza kusahau, uzee una huruma zake.

Jike mmoja anatosha kuuvusha Mkausho.

Nikainama, taratibu, nikashika jiwe la kaburi kujizuia. Hapa ukingoni hapakuwa na mti mwingine wa karibu, na ardhi ilikuwa tambarare, imefagiliwa. Kati ya mawe mawili ilikuwepo mbegu, duara, ya msimu uliopita, imesinyaa kikonyo chake mpaka imekuwa nyeusi. Nikaiokota nikaiweka kwenye kiganja cha wifi yangu.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akaifunga ngumi, na kwa mkono mwingine akanipokonya brashi. Alipaka mstari mwenyewe, mpana, kuzunguka shina lote, kuliko mistari yote niliyopaka mimi. Alilia akiwa anapaka, kwa sauti, bila kujificha, nami nikalia nikiwa nimeshikilia kopo.

Tulipomaliza akakaa chini kando ya kaburi. Akafungua ngumi. Mbegu ilikuwa imepata rangi kidogo upande mmoja, akaisugua kwa kanga mpaka ikatakata.

"Wifi," akasema. "Nikiipanda hii, itaota?"

Miezi minane. Nilikuwa nimemwambia Kaijage jana kwa sauti kavu, miezi mitatu, umehifadhi maiti. Lakini nilikuwa nimesema kweli tangu jana alasiri bila kupumzika, na nilikuwa nimechoka.

"Chimba kwa kidole tu," nikamwambia. "Isiende chini sana."

Akachimba. Mimi nikaenda chemchemini kuchota maji kwa kofia, kwa sababu hatukuwa na chombo kingine.